Kitabu Alichokisema Sultani

Hapo zamani, zamani mbali na leo ila si mbali na tabia za leo, palikuwa na mji uitwao Shangaweni, na juu ya mji huo Sultani Mwinyikombo, aliyependa vitabu kama wengine wapendavyo halua: kula tu, kupika hapana. Kitabu chochote kilichotungwa mjini, kiwe cha nyota, cha dawa au cha mifugo, kilipelekwa kwanza jumbani kwake, na kikitoka huko jina lililotangulia lilikuwa la Sultani. La mtungaji lilifuata nyuma kwa herufi ndogo, kama mpagazi, au lisifuate kabisa. Sasa huo ni utunzi au ni uporaji?

Na mji ule ulikuwa na desturi njema sana. Kitabu hakikunakiliwa mpaka kisomwe mbele ya wakaguzi watatu walioketi nyuma ya pazia, wasimjue mwenye nacho, wasije wakamsifu kwa urafiki au kumponda kwa chuki. Lakini vitabu vya Sultani vilifukizwa udi wa kifalme, ambao haukufukizwa nyumba nyingine yoyote. Basi karani akifunua tu jalada, harufu ilivuka pazia kabla ya neno la kwanza, na wakaguzi wakaanza, "Allah! Elimu hiyo!" Pazia liliziba macho, pua zikaachwa wazi.

Alikuwako binti fukara jina lake Mize, ambaye watu walimwita punguani, maana kila mvua ilipokatika alizunguka na kata mkononi, akionja maji ya kila kisima na kuuliza mlango kwa mlango nani anaumwa tumbo. Alipomaliza akaandika risala, na ndani yake akathibitisha kwamba kisima cha Ukutani, kilicho chini ya mazizi ya farasi wa Sultani, ndicho kinacholaza watoto wa mtaa ule.

Sultani akamwita barazani, akanena, "Binti, risala yako imenipendeza. Nitaitia jina langu."

"Maulana, wewe ulionja kisima kipi?"

Wazee wa baraza wakakohoa.

"Mimi ni Sultani. Visima vyote ni vyangu."

"Na matumbo yanayouma, nayo ni yako?"

"Tena kile kisima cha Ukutani kifute. Jina langu halikai karatasi moja na mavi ya farasi."

Mize damu ikamchemka hata masikio yakawa ya moto, lakini akashusha sauti. "Ukilitia jina lako, Maulana, utakuwa umesema uongo. Ukikifuta kisima, utakuwa umeua. La kwanza ningelivumilia huku nalia. La pili siliwezi."

Sultani hakuzoea kujibiwa hivyo, akavimba. "Kumbe una ulimi! Basi sikia. Nataka kitabu ambacho kila neno lililomo ni langu mimi, halikutoka kwa mtu mwingine yeyote, nami nisishike kalamu wala nisikae kutunga. Ukikileta kabla mwezi haujaandama, risala yako itanakiliwa kama ilivyo, kwa jina lako. Ukishindwa, risala ni yangu, na kisima kinafutwa."

Waziri akacheka hata kilemba kikamwendea upande.

"Hewala, Maulana," akasema Mize. "Ila nipe ruhusa nikae karibu nawe, nijue namna ya kukuandika. Na kitabu kipite nyuma ya pazia kama vingine."

"Kaa. Hata jikoni kaa. Na udi nitakifukiza mimi mwenyewe."

Ikawa tangu hapo Sultani akienda bustanini, Mize yuko nyuma na kidau chake cha wino. Sultani akila, Mize yuko mlangoni. Waziri akachoka kumwona, akamwuliza, "Unaandika nini wewe kutwa nzima?"

"Kazi ya bwana wako."

"Kazi gani? Sasa hivi hakufanya lolote ila kupiga chafya!"

"Chafya sikuiandika. Si neno."

Hata siku ya kusomwa ilipofika, watu wakajaa barazani pomoni. Karani akafunua jalada, udi ukavuka pazia, na nyuma yake ikasikika sauti ya Maalim Hija, mkubwa wa wakaguzi, "Subhanallah! Tangu mwanzo mtu anaona kina chake!"

Karani akasoma, "Nani kala ndizi zangu?"

Maalim Hija akasema, "Naam. Swali zito. Mtungaji analalamikia dhuluma ya ulimwengu."

"Na ndizi," akadakia wa pili, "ni starehe ya dunia, ipitayo upesi."

Karani akaendelea, "Nikune hapa. Hapana, chini kidogo. Kushoto. Aaah, hapo hapo."

"Lo! Hivyo ndivyo mwanachuoni aitafutavyo haki, hachoki mpaka aipate!"

"Mwambieni mjumbe wa Pwani ya Juu nimelala."

"Huyu ameipa dunia kisogo!" akalia wa tatu.

Watu walikuwa wameshikana mabega, machozi yanawatoka, na wanawake wa ukumbi wa nyuma wameuma ncha za kanga. Sultani jasho linamtiririka, maana aliyajua maneno yale yalikotoka. Karani akageuza ukurasa. "Hawa wakaguzi wangu ni majuha watatu. Wakinusa udi, hata nikiwasomea bei ya papa watanisifu."

Nyuma ya pazia wakasikika wakinong'onezana. Kisha sauti nyembamba ikasema, "Hapo... hapo mtungaji ameteleza kidogo."

Baraza zima likaangua kicheko. Sultani akasimama, akanguruma, "Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mkono ni wangu, Maulana, maneno ni yako," akajibu Mize. "Hukushika kalamu, hukukaa kutunga, nami sikuongeza neno. Kama humo mna hata moja lisilotoka kinywani mwako, lionyeshe mbele ya watu hawa, nami nimeshindwa."

Sultani akafungua kinywa, kisha akaona Mize amekwisha chovya kalamu, anangoja. Akakifumba. Akamtazama Waziri, Waziri akatazama dari. Hapo mabega ya Sultani yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, akacheka hata akaketi chini sakafuni.

"Umenipata, binti! Risala yako inakiliwe, jina lake liwe moja tu, Mize. Kisima cha Ukutani kizibwe leo hii, mazizi yahamishwe, na mtaa ule uchimbiwe kingine pale atakapopaonyesha yeye. Nyie wakaguzi, tokeni humo! Tangu leo atakayefukiza kitabu, na afukizwe yeye."

Waziri akainama akanong'ona, "Na hiki cha ndizi, Maulana, nikitie motoni?"

"Ukiguse uone!" akasema Sultani. "Hicho nimetunga."

Basi waandishi wakakinakili, watu wakakisoma arusini na matangani. Watungaji wengine wakaja mmoja mmoja kudai vitabu vyao, wakarudishiwa. Na katika vyote vilivyowahi kubeba jina la Mwinyikombo, ni kile kimoja tu ambacho hakutokea mtu wa kusema, "Hicho changu."