Mbwa Aitwaye Utajua

Wewe uliyeguna hapo nyuma, guna vizuri tukusikie. Hujafuga hata kuku, halafu unabisha kwamba mbwa hawezi kumfunga fisi zizini. Nyamaza. Paukwa.

Pakawa.

Pakawa zizi.

Likawa tupu.

Haya. Nguchiro alikuwa mjane. Mali yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja, Kidoti, na mbwa wa kumchunga. Maziwa ya Kidoti ndiyo uhai wa watoto wake. Mwaka wa kiangazi akaja Fisi, mabega kama mlango, akawazoa ng'ombe wa wanyonge wote akawatia zizini mwake. Kidoti naye akazolewa.

Lakini ng'ombe wakinusa fisi hutawanyika, huyu huku, yule kule. Fisi akarudi kwa Nguchiro akihema.

"Nipe na huyo mbwa."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nipe mbwa."

Nguchiro angekataa, angeliwa yeye. Akasema, "Anaitwa Utajua."

"Nitajua nini?"

"Ndilo jina lake. Ila mjomba, mjue kwanza tabia. Huyu hajui kukaa. Akikosa kazi, hujitafutia. Na anayejitenga na kundi humng'ata kisigino mpaka arudi."

"Ana nguvu?"

"Anazo. Lakini tabia yake..."

"Nimeuliza nguvu, mwanamke. Tabia ya nini, kwani namwoa?"

Akamchukua. Utajua akachunga. Ng'ombe akitoka pembeni, kachu, anarudi. Fisi akachekelea. Akala ng'ombe mmoja. Akala mwingine. Akala Kidoti. Akala mpaka zizini pakabaki samadi na pembe.

Asubuhi Utajua akatafuta kundi, hakuliona. Akawaona watoto wa Fisi. Mtoto akitoka, kachu, anarudi. Mke wa Fisi akienda mtoni, kachu, anarudi. Fisi mwenyewe akanyata aende kuwinda.

"Utajua, mimi ndiye bwana wako."

Kachu. Akarudi.

Akimgeukia amrarue, mbwa yuko nyuma tayari. Kachu. Akajaribu kujikokota makalio chini, aufiche huo mguu wa nyuma. Kachu. Mwendo wenyewe ndio huo anaotembea mpaka leo.

Njaa ikaingia. Mbavu za Fisi zikahesabika. Watoto wakalia mpaka sauti ikawakauka. Fisi akamwita Nguchiro, akaja, akaingia zizini.

"Mwanangu, mwondoe huyu. Nakwisha mimi na wanangu."

"Haondolewi, mjomba. Yeye hufuata ng'ombe wake. Mtoe Kidoti atangulie, Utajua atamfuata mpaka kwangu."

Fisi akatazama chini. Pembe ya Kidoti ilikuwa pale miguuni pake.

"Kwenu mnakula nini?" akauliza polepole.

"Hatuli."

Nguchiro akaiokota ile pembe, akatoka, akavuta mlango wa miiba, akaufunga. Utajua akalala mbele ya mlango, macho wazi.

Ngano yangu imefika mwisho wa kamba. Anayeona kamba ni fupi aunge yake. Na funzo ni hili: ukitaka mbwa wa kuchungia, uliza nguvu, achana na tabia. Na ng'ombe wa mjane mle upesi, usimbakize.

Mnatikisa vichwa. Vizuri. Atakayetaka kunifuata, mbwa wangu yuko nje, na jina lake mmeshalisikia. Mimi natoka, na mlango naufunga.