Picha Zilizofutwa

Sikilizeni. Na wewe unayesinzia pale nyuma, nakuona. Shule niliiacha darasa la sita, lakini leo kompyuta nitawafundisha mimi, na mtaelewa.

Kulikuwa na kijana mmoja hospitalini, kazi yake kuifundisha mashine kusoma picha za moyo, zile zinazopigwa kwa kifaa kinachopitishwa kifuani. Anaionyesha: huu mzima, huu umetanuka. Mashine ikashika, ila ikawa inakosea mno.

Akachunguza. Akakuta picha zinazoiangusha nyingi ni za kina mama. Si mnawajua mama zetu? Mwambie afungue kifua mbele ya mpimaji mwanamume, atalala kajikunja, kanga kaing'ang'ania, kifaa kinapenyezwa pembeni. Picha inatoka ukungu mtupu. Mnacheka, eeh?

"Hizi tuzifanyeje, kaka?" mpimaji akauliza.

"Futa. Zinaniharibia mashine."

"Na hao wenye picha?"

"Wajifunze kulala kwanza."

Zikafutwa. Mashine ikajaribiwa kwa zile nzuri zilizobaki, ikapatia karibu zote. Wakubwa wakapiga makofi, na jamaa akawa anapita koridoni kama bwana harusi.

Kisha akaletwa mama yake mzazi, anahema, miguu imevimba. Akalala kajikunja, kanga kaikamata kwa mikono miwili. Mashine ikatoa jibu: moyo mzima.

"Basi nirudi zangu nyumbani, mwanangu," mama akasema, akitafuta kandambili. "Majirani nimeshawaambia, mashine hiyo kaitengeneza huyu wangu."

Kijana akatazama sakafu. Mashine haikuwahi kumwona mwanamke aliyelala hivi. Yeye ndiye aliyewaondoa. Mama za watu wangapi wameambiwa ni wazima, wakashukuru, wakaenda zao? Uso ukamwaka. Daktari yuko pale, wapiga makofi wako pale, na mama anamtazama kwa fahari. Hilo la fahari ndilo lililomchoma zaidi.

"Mama, usiondoke," akasema. "Mashine haijui kitu. Watu kama wewe niliwafuta mimi."

Akaitwa mpimaji wa kike, pazia likavutwa, mama akapimwa upya taratibu. Moyo ulikuwa umetanuka, karibu kushindwa.

Mbona kicheko kimekatika?

Sisi tunajisifu usharika wetu umenyooka. Tumempima nani? Yule binti aliyepata mimba tulimwondoa kwenye kwaya. Yule mlevi tulimwambia arudi akishanyooka. Tukabaki wenyewe tunaojua kukaa vizuri kwenye benchi, tukajipima, tukajipa alama, tukapigiana vigelegele. Tunaona haya? Tuone. Haya haijamuua mtu, kufutwa kunaua.

Binti yule kapanga chumba nyuma ya kanisa hili. Nyimbo zetu anazisikia kila Jumapili, na hata sasa ananisikia mimi. Leo ibada hatuifungii humu ndani. Simameni, tutokee mlango wa nyuma, tukamwombe radhi.