Kamba ya Mashavu binti Kombo

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na ngoma isiyopigwa na mtu!

Basi, wajukuu, wekeni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Mnaisikia ngoma hiyo? Msiondoe vidole.

Kulikuwa na mji ukiitwa Chambweo. Wako wasemao Chambwewe, wanakosea. Nyuma ya mji palikuwa na msitu, na ndani ya msitu lilikaa zimwi. Jina lake Gumbaro.

Zimwi hilo lilikuwa kubwa mno, hata mapigo ya moyo wake yalisikika mjini. Du-du. Du-du. Du-du. Wanawake walitwanga kwa kufuata mapigo hayo. Yakiwa mbali, watu walikwenda kisimani. Yakikaribia, walifunga milango.

Katika mji huo alikuwapo mumikaji, Mashavu binti Kombo. Mtu akiumwa kichwa au mgongo, Mashavu alimchanja chale ndogo, akaweka pembe ya ng'ombe juu yake, akafyonza hewa, na damu ikapanda ndani ya pembe. Kazi hiyo ilikuwa na miiko yake. Mgonjwa hatazami damu yake mwenyewe. Na damu ikishatoka huzikwa pamoja na jivu, isinuke.

Siku moja Mashavu akamwambia mwanawe wa pekee, Kazija, "Mwanangu, kaizike damu hii. Itie jivu."

"Jivu tena, mama? Si damu ya Mzee Shehe tu? Nani ataitamani?"

"Jivu, Kazija."

Kazija akatoka. Akaona jikoni ni mbali na mto uko karibu. Akaimwaga mtoni.

Damu ikateremka na maji mpaka msituni. Gumbaro likainusa. Kazija alikuwa bado anasuuza pembe aliposikia du-du nyuma ya mgongo wake. Hakupata nafasi ya kugeuka.

Mashavu alipoikuta pembe ukingoni, hakupiga kelele. Alirudi akachukua mkoba wake, akafuata nyayo.

Akalikuta zimwi limeketi juu ya jabali. Kazija alikuwa ndani ya ngumi yake ya kushoto, kichwa na mabega tu ndiyo yaliyoonekana.

"Karibu, mwenye pembe," likasema zimwi. "Mkono wa kulia ni wa kula, kwa hiyo huyu nimemshika kwa kushoto. Mnasema mazimwi hatuna adabu. Haya, niumike. Kichwa kinanigonga tangu nilipowala wachungaji wa ng'ombe."

"Nikikuumika, bwana mkubwa, utaniachia mwanangu?"

Zimwi likacheka. "Nikipona nitakuwa na njaa. Usiponiumika nitamla sasa hivi. Chagua. Sasa au baadaye?"

Mashavu akamtazama mwanawe.

"Baadaye," akasema.

"Mama," akasema Kazija, "sikutia jivu."

"Najua. Nyamaza, ulegeze mwili."

Mashavu akatoa kamba ya usumba wa nazi. "Ngozi ya shingo yako ni nene, wembe hauingii. Nitaumika mkono. Nipe wa kushoto."

"Wa kushoto nimeshikia chakula!"

"Ndiyo maana. Kila mgonjwa namwambia akunje ngumi ili mshipa utokeze. Wewe umekwisha kunja. Tena kushoto ndiko moyo unakosikika. Sasa geuza uso. Au hujui kwamba mgonjwa hatazami damu yake?"

"Nani hajui?" Zimwi likageuza uso kwa haraka, lisionekane shenzi.

Mashavu akazungusha kamba juu ya kiwiko, akapenyeza kijiti, akakisokota. Akasokota. Akasokota. Kisha akafunika ngumi kwa kanga yake, akachanja, akaweka pembe.

"Unasikia nini mkononi, bwana mkubwa?"

"Namsikia mwanao anatapatapa."

Mashavu akasokota tena.

"Hii damu unayoitoa," zimwi likauliza, "kwangu inatoka wapi?"

"Moyoni. Moyo una vyumba. Upande mmoja unaisukuma damu mapafuni ikachukue hewa. Ikirudi, upande wa pili unaisukuma mwilini kote, hata kwenye kucha za miguu, kwa mishipa minene inayodunda. Ikishagawa hewa na chakula, inarudi kwa mishipa mingine yenye vilango vidogo. Vilango hivyo vinafunguka kuelekea moyoni tu. Damu ikipita hairudi ilikotoka."

"Na ikifika moyoni?"

"Inaanza tena."

"Haipumziki?"

"Siku ikipumzika, mwenyewe hayupo."

Mkono ulikuwa umevimba, umekuwa mweusi kama zambarau.

"Unasikia nini mkononi?"

"Nasikia sisimizi. Wengi."

Mashavu akasokota tena. Sasa hata ule mshipa mnene haukudunda. Jua likaanza kushuka.

"Unasikia nini mkononi?"

"Sisikii kitu."

Mashavu akainua kanga. Akavuta kidole kimoja cha zimwi, kikalegea kama cha maiti. Akavuta cha pili. Kazija akateleza chini bila sauti, akatambaa hadi vichakani. Mama akavikunja vidole vile tena, akavifunika.

"Nakwenda kuizika damu kwa jivu," akasema, pembe ikiwa mkononi. "Kamba usiifungue. Damu iliyolala mkononi imeharibika. Nitakuja kuilegeza mimi mwenyewe, kidogo kidogo."

"Nenda," likasema zimwi. "Mwanao ninaye."

Wakakimbia, mama na mwana. Nyuma yao walilisikia zimwi likiongea na ngumi yake: "Mbona umenyamaza, kijana? Umelala?"

Walipofika Chambweo, watu walikuwa wamefunga milango. Du-du. Du-du. Kisha msituni ukatoka mngurumo uliowaangusha kuku kwenye viota. Zimwi lilikuwa limeona njaa, likafunua kanga, likakuta mkono mtupu. Likaishika kamba kwa hasira, likaikata.

Damu yote iliyokuwa imeharibika ikarudi moyoni kwa pamoja. Vilango vikaipitisha, maana ndiyo kazi yao.

Mji mzima ukasikiliza.

Du-du.

Du.

Halafu pakawa na kimya ambacho hakuna mtu wa Chambweo aliyewahi kukisikia. Watoto wachanga wakaamka, wakalia. Kazija akashika kifua chake kwa hofu, akidhani ni moyo wake uliosimama. Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Wako unakwenda," akamwambia. "Sasa chukua jivu."

Kazija akalichukua. Na damu ile ya zimwi akaizika yeye, peke yake.

Hadithi yangu naiweka chini hapa. Mafunzo yake ni haya: kazi ndogo uliyofundishwa usiiache kwa sababu hujaona maana yake. Sasa ondoeni vidole. Ngoma itaendelea, hata msipoisikiliza.