Jina Lililopatikana Darajani

Zamani, majina yalipokuwa bado hayajaajiriwa serikalini, kulikuwa na watu katika milima ya Uswisi wasiokuwa na jina la pamoja. Wao kwa wao waliitana ndugu, na hilo likawatosha. Ng'ombe wao walivaa kengele, na ukungu uliposhuka, mtu alijua njia ya kwao kwa kusikiliza tu.

Mwaka mmoja walifukuzwa kwa ajili ya imani yao. Wakashuka, watu ishirini na watatu, hadi kwenye daraja ambalo ng'ambo yake palikuwa na bonde walilokubaliwa kulima. Miongoni mwao alikuwamo Vreni, mwenye mimba iliyotimia, na theluji ilikuwa ikidondoka polepole, kama unga unaochekechwa na mtu mwenye usingizi.

Darajani aliketi karani na daftari lake. Bila jina la kundi hapiti mtu. Walipomwambia wao ni ndugu, akauliza ndugu wa nani. Wakasema wa wote. Karani akapekua kurasa, kwa uungwana kabisa, wala hakuona mahali pa wote.

Basi akaomba jina la mkubwa wao, ili kundi liandikwe kwa jina hilo. Hapo ndipo mambo yalipokwama, maana kwa watu hao kujitanguliza kulikuwa dhambi. Mzee mmoja, Ulrich, akasema aandikwe Kristen, aliye bora kuliko yeye. Kristen akamsukumia Hans. Heshima hiyo ikazunguka msururu mzima, ikamrudia Ulrich, naye akaipokea kwa mshangao na kuipeleka tena. Theluji ikafika vifundoni. Vreni akashika ukingo wa daraja. Uchungu ulikuwa umeanza.

Akapita mmoja wa ndugu wa zamani, aliyefarakana nao kwa sababu ya mhubiri wao, Jakob Ammann, ambaye siku hiyo alikuwa mbali. Akacheka. "Waandike watu wa Ammann, bwana karani. Si ndiye mungu wao mdogo?"

Wazee wakainamisha vichwa. Kukubali ni kumkweza mwanadamu. Kukataa ni kubaki thelujini.

"Andika, bwana," Vreni akasema. "Jina la kejeli halivimbishi kichwa."

Karani akaandika: watu wa Ammann, ishirini na watatu. Akafungua kizuizi. Mtoto akazaliwa ng'ambo kabla wino haujakauka, na hesabu ya daftari ikabaki na upungufu wa mtu mmoja ambao hakuna aliyeusahihisha.

Na tangu siku hiyo ulimwengu huwaita Waamishi, yaani watu wa Ammann, nao huitika bila kujivuna. Ila mlangoni bado husukumana, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie, isipokuwa akija mwenye mimba. Huyo hupita kwanza, wala haulizwi jina.