Neno Kuu la Naetwe

Afichaye ufunguo ndani hulala nje.

Mmelisikia neno hili kwa fundi wa simu pale stendi, mkacheka, mkadhani ni maneno ya kumkomoa mteja aliyesahau nywila yake. Kaeni basi, wanangu, mjue lilikotoka, maana halikuanza kwa kicheko. Lilianzia Usangi, juu kabisa milimani Upare, kwa mjane mmoja aliyeitwa Naetwe.

Kazi ya Naetwe ilikuwa kupiga chapa mitihani ya shule. Na mpiga chapa wa mitihani ni mtu wa kufunga mdomo. Walimu walimletea maswali yaliyoandikwa kwa mkono, yeye akayachapa, akatoa nakala, kisha zile karatasi akazitia jikoni na kuzisimamia mpaka ziwe majivu. Halijapata kuvuja swali hata moja mikononi mwake. Watu walimsifu, na sifa ile ikamwingia damuni, mpaka akawa hawezi tena kuandika jambo la siri mahali popote. "Karatasi ina mdomo," ndivyo alivyokuwa akisema.

Kompyuta aliyochapia ilinunuliwa na mwanawe wa pekee, Kiariro. Baba yake Kiariro alipofariki, na kabla matanga hayajaanuliwa, kijana akapata wito wa kazi ya upishi kwenye meli ya mizigo. Meli haimngoji mfiwa. Akafunga begi huku wageni wangali wameketi mikekani. Naetwe akamfuata mlangoni, akamwambia neno ambalo mama hapaswi kumwambia mtoto:

"Ukivuka kizingiti hiki, usinihesabu tena kuwa mama yako."

Kiariro akavuka.

Lakini hakuacha kumhesabu. Kila bandari waliyotia nanga alimwandikia barua pepe. Naetwe alizisoma, nyingine akizirudia mpaka chai ipoe, halafu alijibu: "Nimepata. Niko salama." Basi. Neno alilolingoja mtoto halikutoka. Si kwamba mama hakuwa amemsamehe, alikwisha kumsamehe zamani. Ila aliona haya kuanza, na kila barua iliyopita bila neno lile ilizidisha ugumu wa barua iliyofuata.

Sasa sikilizeni habari ya nywila. Kile chombo cha kuingilia mtandaoni, yaani kivinjari, kilimwuliza Naetwe kama kimkumbukie nywila ya barua pepe yake. Akakubali. Baadaye akasikia kwamba mwizi akikaa mbele ya mashine hukuta kila kitu wazi, akaingiwa na hofu. Akaweka kufuli juu ya kufuli: neno kuu, la kuzifunga nywila nyingine zote, refu, limechanganywa herufi na tarakimu, asiloweza kulibuni mtu yeyote. Atalitunza wapi? Kwenye karatasi, hapana. Akajiandikia mwenyewe barua pepe, akaliweka humo. Aliona amefanya akili kubwa. Na kwa kuwa hakuwa akitoka kwenye sanduku lake la barua, alizima kioo tu na kuwasha, neno lile halikuulizwa tena, naye akalisahau.

Wifi yake, Nanzia, alikuwa akimchokoza. "Wifi, hilo neno nitajie hata mimi. Mtu huishi na watu."

"Neno la siri ni kama mimba changa," Naetwe akamjibu. "Halitangazwi."

"Mimba hutangazwa na tumbo, wifi yangu. Hilo lako litakuja kutangazwa na nini?"

Wakacheka, wakaendelea kuchambua maharage.

Ikaja barua ambayo haikufanana na nyingine. "Mama," Kiariro aliandika, "mkataba wangu unaisha. Tukifika bandari ya mbele nitatakiwa kusema kama nasaini tena au narudi nyumbani. Nataka kurudi. Lakini nikirudi nitaukuta mlango wazi? Naomba unijibu wewe mwenyewe. Usiponijibu nitajua bado hujanisamehe. Nitasaini, wala sitakusumbua tena."

Naetwe aliisoma akiwa amesimama. Akaketi, akaandika "Mwanangu," akafuta. Akaandika "Kiariro," akafuta. Kwa mtu aliyezoea kuchapa maneno ya wengine, yake mwenyewe yalimgomea. Akajisemea, kesho nikiamka nina akili iliyotulia nitaandika vizuri.

Asubuhi umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi, ulirudi kwa kishindo. Kompyuta ikalia mara moja, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, kioo kikawa cheusi.

Naetwe hakunywa hata chai. Yeye na Nanzia wakashuka na mashine mpaka Mwanga mjini, kwa fundi aliyeitwa Mbazi, kijana mpole. Akaifungua, akaipuliza, akatikisa kichwa.

"Mashine imekufa, mama. Ila diski yake bado inapumua. Vilivyomo nitavihamishia kwenye kompyuta yangu, na kivinjari chako kitafunguka hapa kama kwako."

Naetwe akakaa kwenye ukingo wa benchi. Kazi ikachukua muda, kisha vikaanza kujitokeza: kurasa zake alizoziwekea alama, ile ya baraza la mitihani, ile ya kusomea habari za meli, kila moja mahali pake. Nanzia akapiga kigelegele, wapita njia wakageuka. Naetwe akamshika fundi mkono, "Mungu akupe watoto, Mbazi."

Fundi akafungua ukurasa wa barua pepe. Nao, kwa kuona mashine ngeni, ukaomba nywila.

"Usihofu mama, nywila yako imo humu humu, imehifadhiwa." Akabonyeza. Kikatokea kisanduku kidogo. "Aa. Hapa tia neno kuu."

"Neno kuu lipi?"

"Lile ulilozifungia nywila zako."

Naetwe akakitazama kile kisanduku. Kisha akasema polepole, "Limo kwenye barua."

"Barua ipi, mama?"

"Barua pepe."

"Hii tunayotaka kuifungua?"

"Hiyo."

Fundi akaondoa mkono kwenye kipanya. Nanzia akajishika kiuno. "Wifi! Umefunga ghala, na ufunguo umeuacha juu ya magunia!"

"Lipo swali la dharura," fundi akasema upesi. "Wanauliza mnyama wako wa kwanza kumfuga aliitwaje."

"Sikujaza jina la mnyama. Niliogopa watu watabuni. Nilijaza upuuzi tu, nao siukumbuki."

"Basi tumwandikie mwanao kwa barua yangu. Nitajie anwani yake."

"Mimi huandika K tu, mashine inamalizia."

"Wakala aliyempeleka melini?"

"Barua zake zimo humo humo."

"Na simu yake?"

"Mwanangu yuko katikati ya bahari, Mbazi. Simu gani?"

Akaanza kubahatisha. Akatia jina la marehemu mumewe. Akatia mwaka aliozaliwa Kiariro, jina la shule, jina la kilima walikochimba kaburi lake. Kila mara kisanduku kiliyakataa. Fundi alimwacha pale mpaka wenye maduka walipoanza kufunga milango. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa, hata fundi akamtengea kiti chake. Wateja wakawa wanamsalimu.

Mwishowe fundi akachuchumaa mbele yake. "Mama yangu, kingekuwa kimeharibika ningekitengeneza. Hakijaharibika. Kimefungwa vizuri."

Naetwe akapanda mlima, hakushuka tena.

Mvua za vuli zikapita. Siku moja akaja mgeni anauliza nyumba ya mama Kiariro. Alikuwa kijana wa Tanga aitwaye Mhando, amebeba kifurushi cha kanga. Alikuwa mwenzake Kiariro jikoni melini, naye alikuwa ameacha kazi. Naetwe akamkaribisha ndani, Nanzia akaleta maji.

"Pale bandarini pana chumba cha mabaharia chenye kompyuta," Mhando alieleza. "Meli ilikuwa inapakia. Kiariro kila akimaliza kuosha masufuria anakimbilia huko kutazama barua, anarudi bila jibu. Tukamwambia, bwana, labda mtandao wa kwenu mbovu, labda umeme. Akasema, hapana. Mama yangu hajapata kukosea kazi. Angetaka kujibu, angejibu."

Naetwe akauliza, "Akasaini?"

"Akasaini, mama. Wakampeleka meli nyingine. Sijui iko wapi. Kanga hizi alinipa siku ile, akasema nikuletee ila nisikudai jibu."

"Anwani yake huna?"

"Tulikuwa tunalala kitanda cha juu na cha chini. Tungeandikiana nini?"

Naetwe akazipakata kanga bila kuzifunua. Kisha, bila mtu kumwuliza, akasema, "Nilimsamehe. Nilimsamehe kabla hata matanga hayajaanuliwa."

Nanzia akaweka bilauri chini. "Miaka yote hii, wifi? Mbona hukumwambia?"

Naetwe akaukazia macho ule mlango, ambao tangu mtoto aondoke ulikuwa hautiwi komeo. Akasema, "Wifi, afichaye ufunguo ndani hulala nje."

Nanzia ndiye aliyelitoa neno lile nje ya nyumba. Fundi Mbazi akalisikia, akawa anawaambia wateja wake, na mafundi wakaambukizana mpaka likafika hapa kwetu. Huku mjini wanalitumia kwa nywila tu. Kule Usangi mtu akigombana na nduguye na kukaa kimya, ndilo analoambiwa.

Kwa hiyo msicheke, wanangu. Neno la mashine mtajieni mtu mmoja mnayemwamini. Na lile lingine, lililo moyoni, litamkeni leo hii, msingoje akili itulie. Naetwe alikaa na kanga zake akisikiliza kila hatua inayopanda njia ya kwake, na hatua aliyoingoja haikupanda.

Afichaye ufunguo ndani hulala nje.