Kaa Alivyoupata Urais wa Kisiwa cha Matumbawe

Hapo zamani za kale, wanangu, Mola alipokwisha kuitandaza Bahari ya Pasifiki, palikuwa na kisiwa chembamba cha matumbawe. Wanyama wake walitawaliwa na baraza la wajumbe wanne: Kasa, Papa, Nguva, na Kaa, ambaye hata akisimama hakuonekana.

Rais wa baraza hilo alipofariki, wakubwa watatu waliutamani urais, na kila mmoja aliahidi kuuchimba ufuo apendavyo. Hakuna aliyekumbuka kwamba ufuoni ndiko yaliko mashimo ya kaa, na watoto wao wamo ndani.

Mila ilikuwa hii: mjumbe huenda peke yake nyuma ya mwamba, akatia gamba lake la kauri katika kifuu cha nazi cha amtakaye. Kila kauri ilijulikana kwa rangi yake, na kujichagua mwenyewe ilikuwa aibu isiyofutika.

Kaa akaenda kwa Kasa, tiki-tiki-tiki.

"Shikamoo, babu. Kura yako utampa nani?"

"Marahaba. Papa ana meno, Nguva ana usingizi. Sijui."

"Ukimpa mmojawapo, umemtawaza kwa mkono wako! Nipe mimi. Kura itapotea bure, nawe utasifiwa unyenyekevu."

"Wewe?" Kasa akacheka, kwe-kwe-kwe! "Kiti kitakumeza!"

"Ndiyo maana, babu."

Akamwendea Papa, kisha Nguva, kwa maneno yale yale. Papa alicheka hata maji yakapiga pwaa!

Vifuu vikafunuliwa. Cha Kasa kilikuwa na kauri moja, ya Kaa. Cha Papa, kitupu. Cha Nguva, kitupu. Cha Kaa, kauri tatu.

"Lo! Kasa, umemchagua kidudu huyu?" akafoka Papa.

"Na ile yenye madoa, Papa, si yako?"

"Tumwondoe sasa hivi!" akanguruma Nguva, usingizi umemruka.

"Ni haki yenu, waheshimiwa," akasema Kaa, naye amekwisha kukikalia kiti. "Ila mila yataka kwanza mkubaliane juu ya mrithi. Ni nani?"

"Mimi!" wakasema wote watatu kwa pamoja. Wakatazamana.

"Basi ufuo usichimbwe," akaamuru Kaa.

Kila mwaka walikuja kumwondoa, na kila mwaka waligombana juu ya jina, wakarudi makwao. Kaa akatawala mpaka siku yake ya kufa ilipofika, na watoto wa kaa wakakua salama.

Tujue basi, wanangu: amzibiaye mwenziwe njia humfungulia asiyemdhania.