Gobore la Ukutani

Ndugu zangu waumini, alikuwapo bwana mmoja aliyetundika gobore sebuleni kwake, lile la zamani la kuwashwa kwa jiwe. Aliachiwa na baba yake, aliyefariki yeye akiwa angali mchanga. Kila mgeni alionyeshwa kabla hata ya kupewa maji. Aliambiwa kwamba gobore hilo ndilo lililopigana na watu wa ng'ambo ya mto. Zamani koo hizo mbili zilimwaga damu, na mpaka siku zake walikuwa hawazikani.

Basi mzee mmoja wa ng'ambo akaugua. Akiwa kitandani akatuma mtu: "Mwambieni aje tuonane. Nataka tusameheane kabla sijaondoka."

Mnadhani alikataa? Hakukataa, alikuwa muungwana. Alisema atakwenda, ila kwanza achunguze historia ya gobore, ajue nani alianza na nani amwombe nani radhi. Mnacheka? Ngojeni.

Akalifunga kwenye kanga, akalipeleka mjini kwenye jumba la makumbusho. Mtaalamu akaligeuzageuza, akamweleza kwa upole kuwa si la kale. Ni la kuiga, kitako ni mti wa mninga wa huku huku, na chini ya mtutu mna alama ya fundi. Ilimchoma moyo. Hata hivyo hakurudi nyumbani. Alizunguka kwa wahunzi, kijiji hadi kijiji, akiuliza alama ile ni ya nani, mpaka akampata fundi mwenyewe, mzee sana.

"Nililitengeneza mimi," fundi akasema. "Marehemu baba yako ndiye aliyeniagiza. Tazama hapa, tundu la kupitisha moto sikulitoboa, haliwezi kulia. Alinikataza."

"Kwa nini?"

"Lile lenyewe walilizika pamoja, yeye na watu wa ng'ambo, siku waliyopatana. Hili alitaka mlitazame tu, mkumbuke kwamba yameisha. Lakini waliopatana walikufa mapema, nanyi watoto wa pande zote mkarudia kununiana."

Bwana yule akarudi mbio, amejaa furaha, ushahidi begani. Hakupitia kwake. Alipovuka mto akakuta udongo mbichi, na watu wanakunja mikeka ya msiba.

Sasa msiniambie kwamba somo ni wazee kupatana. Mimi nawauliza: na kama tundu lingekuwapo? Na kama lingekuwa ndilo gobore lenyewe, lililoua? Mgonjwa asingestahili kujuliwa hali?

Bwana yule ni sisi. Tuna ndugu tuliowanunia, wametuita, nasi tunasema kwanza kikae kikao, ijulikane nani alikosa. Uchunguzi wetu ni wa haki kabisa, na huku anayetungoja anakata roho. Inaniuma, maana nawajua, na nyinyi mnajijua.

Humu ndani yumo mtu ambaye ameshaitwa. Tukitoka hapa, asipitie nyumbani kwanza.